Maharage ya Prudensia

Ukifika Ihembe ukauliza ni nani anayepika katogo kuwashinda wote, utaelekezwa kwa Prudensia, mke wa Lameck. Aliolewa pale akitokea Songambele, upande wa Kyerwa, na katogo yake, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, ilijulikana kijijini kabla jina lake halijashikwa vizuri. Hakuna anayebisha, na anayebisha hajala.

Lakini ulipita wakati ambapo hakuna aliyetaka hata mchuzi wake.

Ilikuwa Jumamosi, zamu yake ya kupokea jumuiya ya kanisa nyumbani. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, jiko ni moshi mtupu. Akakumbuka kapu alilofundishwa kutengeneza kwenye semina ya akina mama: unalijaza majani makavu ya mgomba na matambara, unatia sufuria ya moto, unafunika, chakula kinaiva taratibu bila kuni. Mwalimu alisisitiza kwamba lazima kitokote kwanza. Prudensia, macho yakimtoka machozi, aliona mvuke kidogo akasema basi, imetosha. Akapanga ndizi juu ya maharage mekundu, akafunga kapu, akaenda kuvaa gauni lake la kanisani.

Alipofunua, ndizi zilikuwa laini, naye akaridhika. Maharage yalikuwa na ugumu wa mbali, lakini nani akague harage moja moja na wageni wameshamaliza sala? Walikula wakasifu. Sufuria ilikwisha kabla mpishi mwenyewe hajajipakulia.

Mchana haujapita, wote waliokula walikuwa wanatapika. Aliyezidiwa ni Bi Stephania, mwenyekiti wa jumuiya, mjane mkongwe mwepesi wa mwili, akakimbizwa hospitali ya Nyakahanga kwa bodaboda. Mpishi peke yake alikuwa mzima, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

"Aliyepika hakula," walinong'ona kwenye njia za migombani. Huku kwetu mtu akisema hivyo, hahitaji kuongeza kitu.

Prudensia alimwambia Lameck kwamba bibi akifa, yeye anarudi kwao Songambele, kwa sababu hawezi kuzeekea mahali anapoitwa muuaji. Kisha akajipiga moyo konde akapanda bodaboda kwenda hospitali. Alimkuta Bi Stephania amelala na dripu mkononi, na pembeni yake nesi Kemirembe, mwenyeji wa Muleba.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu," bibi alijibu kwa shida.

Nesi akamvuta kiti. "Mama, hebu nieleze, ulipikaje?"

Prudensia alieleza yote, kuni mbichi, kapu, mvuke, akisubiri kuitiwa polisi. Kemirembe alitikisa kichwa, tena kwa upole.

"Hakuna aliyetia sumu. Maharage mekundu yana protini yake yenyewe, wataalamu wanaiita lektini. Kazi yake ni kushika sukari. Siyo hii ya chai, ni sukari ndogondogo zilizovikwa nje ya chembe za mwili. Maharage yasipotokota vizuri, ile protini inafika tumboni ikiwa hai, inang'ang'ania ukuta wa utumbo, mtu anatapika. Ikichemka sana inaharibika, huna habari nayo."

"Kwa hiyo ni mbaya hivyo?" Prudensia aliuliza.

"Inategemea iko wapi. Sisi wenyewe tunazo lektini zetu kwenye damu. Kijidudu kikiingia, kina sukari zake kwenye ngozi. Hizi zetu zinazitambua, zinakikamata, zinaita kinga ya mwili ije kummaliza mgeni. Hata sasa zinamlinda bibi yako."

Bi Stephania alikuwa amefumba macho, kumbe masikio yalikuwa wazi. "Basi hukuniroga," alisema. "Ulikuwa na haraka tu."

Prudensia alicheka na kulia kwa pamoja. Mpaka leo akisali humtaja Kemirembe kwa jina, kwa kuwa alimuuliza alivyopika badala ya kumuuliza ana ugomvi na nani.

Bibi alipona. Kijiji, hata hivyo, kilikuwa bado kimemgeuzia Prudensia kisogo. Maelezo ya nesi yaliingia sikio hili yakatokea lile. Zamu ya Bi Stephania ya kupokea jumuiya ilipofika, alimwita Prudensia aje kumpikia, maharage yaleyale na kapu lilelile, mlango wa jiko ukiwa wazi. Safari hii sufuria ilitokota muda mrefu, kifuniko kikirukaruka, ndipo ikaingizwa kapuni.

Chakula kikapakuliwa. Watu wakatazama sahani zao. Restuta, jirani wa Prudensia, aliisogeza ya kwake pembeni kana kwamba imejaa mno. Prudensia akachukua kijiko ili aonje wa kwanza, wamwone.

Bi Stephania akamshika mkono. "Weka hicho. Niliyelazwa ni mimi. Kama kuna wa kuogopa, ni mimi."

Akala. Alikula polepole, meno yenyewe machache, kila mtu akimwangalia koo. Alipomaliza alimgeukia Restuta. "Na wewe unangoja kipoe?"

Restuta akavuta sahani yake, na wengine wakafuata.

Prudensia alipiga magoti palepale, akamshika bibi miguu, akalia mbele ya watu bila kujificha. "Asante, Bibi. Asante. Nilikuwa nimeshafunga mizigo."

"Kaifungue," alisema Bi Stephania, akimsogezea sahani. "Lakini kwanza niongezee."