Tundu la Pili katika Taya Langu

Jino lilikuwa limeshang'olewa, lakini daktari wa meno wa Mombasa aliendelea kuinua picha ya eksirei ya taya langu dirishani, akiitazama na kuitazama tena. Uhuru ulikuwa ndio kwanza umeingia, na mimi nilikuwa mpiga nzumari ninayeitwa kila arusi kutoka Msambweni hadi Kikoneni. Mdomo wangu ndio uliokuwa shamba langu.

Aliniambia kila mtu ana kitundu kila upande wa taya la chini, cha kupitisha mshipa. Mimi kulia nilikuwa navyo viwili. Cha pili huenda nilizaliwa nacho, huenda ni ugonjwa unaoanza. Nirudi baada ya miezi sita. Kikiwa kimekua, nitakatwa taya. Mpaka hapo nisipulize kitu. Nilimuuliza mtu atakuwaje na tundu asiumwe. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Bibi yangu, mzaa mama, hakuchanganyikiwa hata kidogo. Tundu ni nyumba ya mdudu wa jino, na mdudu hutolewa kwa moshi. Aliniinamisha juu ya kigae cha makaa, akatupia mbegu za mtunguja, akanifunika shuka mpaka nikatokwa na machozi. Mdudu hakuanguka. Basi akaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akarudi na hirizi katika kikasha cha fedha, akanifunga nayo kwa kitambaa chini ya taya na kuniapisha nisiifungue. Mimi niliyejidai mtu wa kisasa nililala nayo miezi yote sita. Mfa maji haachi kutapatapa.

Niliporudi, mpiga picha alitaka nifungue kitambaa. Nikamwambia baridi huniuma; alikuwa na watu wengi, akaniacha. Daktari alipoitazama picha aliketi. Tayani palikuwa na kitu cheupe chenye pembe nne. Alikuwa keshaanza kuniuliza nani wa kunitilia sahihi nikatwe, ndipo mkono wangu ulipogusa kitambaa, nikaelewa kuwa ni kikasha cha hirizi. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Picha iliyopigwa upya ilionyesha vitundu vile vile viwili, havikukua hata chembe. Daktari akasema ndivyo nilivyoumbwa, niende zangu nikapulize.

Nilimsimulia bibi nikicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, akauweka chini.

"Mjukuu wangu, kama ni Mungu aliyelitoboa, yule daktari alitaka kukata nini?"

Nilitoa nzumari sandukuni nikaipuliza. Midomo ilikuwa imesahau, mlio ukatoka kama wa mbuzi, na arusi zote za msimu ule zilikuwa zimeshampata mpigaji mwingine.