Chupa Iliyotundikwa Sebuleni

Nilipaswa kukataa pale pale kwenye korido ya hospitali ya Nachingwea, mdogo wangu aliponiambia, "Kaka, tumpeleke nyumbani. Huduma itakuwa ile ile ya hospitali." Nikasema sawa. Mke wangu alikuwa ametoka kupata shambulio la moyo, na daktari alitaka aendelee kukaa wodini. Alipoona tumeshaamua, akatuagiza mambo mepesi: vidonge, chumvi kidogo, apumzike. Mepesi mno kwa watu wenye majivuno kama sisi.

Mdogo wangu, mnunuzi wa ufuta pale Ruangwa, alikuwa na mtu wake. Yule bwana aliwahi kufagia na kufunga vidonda kwenye zahanati fulani. Kazi aliiacha, koti jeupe hakulirudisha. Alipofika kwangu hakuuliza vidonge. Aliuliza msumari wa dripu upigiliwe wapi.

Kwetu, mgonjwa asiyetundikiwa chupa huonekana ametelekezwa. Kwa hiyo kitanda tulikiweka sebuleni, ili wanaokuja kumjulia hali waione chupa tangu mlangoni. Wakaja hadi wa Nanganga, wakasifu: "Hapa mgonjwa anatibiwa." Nami, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nikavimba kichwa kama niliyejenga hospitali.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye pekee hakusifu.

"Shemeji, dada yangu amekuwa mchicha? Naona kazi yenu kumwagilia tu."

"Mama, hayo ni maji ya nguvu," yule bwana wa koti akajibu.

"Nguvu za nani? Mbona miguu inavimba?"

Tukamcheka. Mke wangu mwenyewe, akiwa ameegemea mito, aliniambia, "Baba, nikilala pumzi inakata. Waambie waitoe." Nikamwambia avumilie, inakaribia kwisha. Ilipokwisha tukatundika nyingine, maana wakwe walikuwa njiani kutoka Mnero, na sikutaka wakute msumari mtupu.

Wakamkuta anakohoa povu. Yule bwana alichomoa sindano, akavua koti, akatokea mlango wa uani. Tulipata gari, lakini hospitali tulifikisha maiti. Daktari akasema moyo uliojeruhiwa ulishindwa kusukuma maji yote yale, yakajaa mapafuni.

Mke wangu angeweza kupona. Mimi nilitaka watu waone kwamba anatibiwa, na kwa hilo nilimuua.