Ulimtoa Kamongo ya Nini

Harufu ya dawa ya kuchua misuli haijawahi kuniacha salama. Huchoma pua kabla haijafika kwenye ngozi, na papo hapo mimi huwa na miaka kumi. Mwezi uliopita ilinipata katika uwanja wa shule moja hapa Migori, nilikokwenda kumwona binti yangu akicheza. Mwenzake alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Mwalimu akamimina dawa kiganjani, akaanza kumsugua, na upepo ukaileta hadi pale tulipoketi wazazi.

Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wakizungumza juu ya kocha mmoja wa zamani wa timu ya taifa. Redio ilikuwa imetangaza asubuhi hiyo kwamba anaumwa na kwamba madaktari hawana tena la kufanya. "Alikuwa mtu mzuri," mmoja akasema. "Alikuwa anajua mpira," mwenzake akaitikia. Nikageuka, nikawauliza kama amefariki. Wakasema hapana, bado. Basi nikawaomba wamtaje kama mtu aliye hai. Walinitazama kama mwanamke aliyekaa juani muda mrefu mno. Sikuwalaumu. Hawakulelewa na mama yangu.

Mama alikuwa fundi wa kushona pale Kisegi. Watu walimwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, kwa kuwa ndiko alikozaliwa kabla ya kuolewa kule ziwani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Swaleh, mfanyabiashara aliyetoka pwani akiwa kijana, ambaye kufikia wakati huo alijua Kiluo cha kuuzia sukari na si zaidi. Swaleh alikuwa na redio kubwa iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isiachane vipande. Timu ya taifa ilipocheza, baraza ile ilijaa wavuvi wenye magamba ya samaki miguuni, na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ikachanganyika na ya mafuta ya taa na ya mafuta ya cherehani. Nyumbani tulisema Kiluo, lakini mtangazaji alitangaza kwa Kiswahili, kwa hiyo mpira tuliugombania kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya mama. Alikanyaga cherehani kwa kufuata mchezo: timu ikishambulia, sindano ilikimbia, ikishambuliwa, ilisimama kabisa. Wapo watoto wa shule yetu waliovaa kaptura zenye mshono uliopinda kwa ajili ya kona ambayo haikuzaa bao.

Kocha wa timu ile ya enzi hizo, si huyu wa redioni, alikuwa mtu wa kwetu. Sisi sote tulimwita Japuonj, neno ambalo kwa Kiluo ni mwalimu. Alikuwa ameifundisha timu ya taifa kwa miaka kadhaa, kisha akastaafu na kujenga kwenye mlima ulio juu ya soko, nyumba yenye veranda inayotazama ziwa. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alinuka ile dawa ya kuchua kwa sababu ya magoti aliyoyaharibu enzi akicheza.

Kisegi ilijivunia Japuonj, lakini kulikuwa na jambo moja. Katika mechi iliyoamua kama tungefuzu au la, tulikuwa mbele kwa bao moja, zimebaki dakika za lala salama. Winga wetu wa kushoto, kijana waliyemwita Kamongo kwa vile alivyoteleza kama yule samaki wa matopeni, alikuwa amewachosha mabeki wa wageni. Japuonj akamtoa. Akaingiza beki. Muda si muda wageni wakasawazisha, na safari yetu ikaishia hapo. Mimi nilikuwa na miaka minne tu, lakini nimesimuliwa siku ile mara nyingi hata naona kama nilikuwa nimesimama pale barazani, mama alipoivunja sindano.

Alipostaafu, Japuonj alizoea kuteremka kila Jumamosi kununua sukari na gazeti. Mama hakuinua hata macho kwenye kitambaa.

"Japuonj, Kamongo ulimtoa ya nini?"

"Nyar Asumbi, shona nguo za watu."

Ilikuwa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Hakumjibu hata mara moja, na mama hakuacha kumwuliza hata mara moja.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, Jumamosi tatu zilipita bila yeye kuonekana. Halafu gari likapanda mlima taratibu, likikwepa mawe, na siku hiyo hiyo soko zima likajua. Ilikuwa saratani ya ini. Hospitalini walikuwa wameiambia familia impeleke nyumbani.

Baraza ya Swaleh ikabadilika. Wanaume waliokuwa wakimtukana miaka yote sasa walishusha sauti walipomtaja. Ghafla kila mtu alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba kumtoa Kamongo ilikuwa akili. Aliyeongoza kumsifu alikuwa Ochido, mwenye mashua kutoka kisiwa cha Takawiri, ambaye tulimwita mwenyekiti wa mashabiki ingawa hakuna aliyewahi kumchagua.

"Hatutapata tena kocha kama yule," Ochido alisema. "Alikuwa baba yetu."

Mama akasimamisha cherehani. "Ochido, si ni wewe ulirushia redio kiatu?"

"Hayo yalipita. Mtu anaondoka, Nyar Asumbi."

"Anaondoka kwenda wapi? Jana nimemwona amekaa kwa veranda."

Swaleh alijishughulisha na kupanga viberiti vilivyokuwa vimepangwa tayari.

Jumapili iliyofuata mashabiki waliamua kwenda kumwona. Walienda watu watatu, Ochido, Swaleh na mama, nami nikafuata kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia. Swaleh alibeba sukari na mikate. Ochido alivaa koti. Tulimkuta Japuonj kitandani sebuleni, ambako mkewe alikuwa amemhamishia ili aweze kuliona ziwa, lakini hakuwa akilitazama. Alikuwa amegeukia ukuta. Mwili ulikuwa umemwisha hivi kwamba blanketi lilionekana kama limetandikwa juu ya kitanda kitupu. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuchua. Mkewe alisema ndiyo pekee aliyoitaka mwenyewe.

Tuliketi. Ochido akasimama, akakohoa, akaanza hotuba. Alisema tulikuwa na bahati ya kuwa na mwalimu kama yeye. Alisema jina lake halitasahaulika. Nilikuwa nimehudhuria matanga ya kutosha kujua hotuba ile ni ya wapi. Ilikosa jeneza tu. Mwisho akasema, "Na sisi mashabiki wako wa Kisegi, hatukuwahi kukulaumu."

"Mimi nilimlaumu," mama akasema. "Na bado namlaumu."

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na viatu vyangu vya kanisani.

"Nyar Asumbi," Swaleh akanong'ona, "mstahi mgonjwa, tafadhali."

"Mgonjwa ni ini. Masikio ni mazima." Akasogeza kiti chake hadi kikagusa kitanda. "Japuonj, Kamongo ulimtoa ya nini?"

Nilimtazama mke wa Japuonj nikingoja atufukuze. Alikuwa akiutazama mgongo wa mumewe. Ule mgongo ulikaa vile vile kwa muda, kisha blanketi likasogea, na Japuonj akageuka, kidogo kidogo, kama mtu anayegeuza mashua peke yake.

"Niinue nikae," alimwambia mkewe. Halafu akamwambia mama, "Wewe mwanamke hujui mpira."

"Nifundishe."

Akaagiza kigoda kiletwe. Juu yake akapanga chupa za dawa zake: zile fupi zikawa mabeki, za maji zikawa viungo, na chupa ya dawa ya kuchua, nyembamba na yenye kifuniko chekundu, ikawa Kamongo, kushoto, karibu na ukingo. Alieleza kwamba Kamongo alikuwa amechoka na hakuwa akirudi nyuma kukaba. Mama akasema kama asingetolewa, wageni wangeogopa kupanda. Japuonj akasema angalia nafasi hii hapa. Mama akasema ninaiona, na ni wewe uliyeifungua. Swaleh, aliyekuwa ameomba mgonjwa astahiwe, akainuka akasukuma chupa ya vidonge mbele akisema beki wa kulia ndiye aliyelala. Ochido akavua koti. Baada ya dakika chache wote wanne walikuwa wakisema kwa pamoja, na sauti iliyokuwa nyembamba kuliko zote haikuwa ikinyamaza.

"Ningemtoa tena kesho," Japuonj alisema, akihema.

"Basi kesho nitakuja kukuambia umekosea."

Na alikwenda. Alikwenda kesho yake, na keshokutwa, na karibu kila siku kwa majuma mengi. Aliacha sare za shule bila vifungo, akapanda mlima jua likiwa bado kali, akakaa kando ya kile kigoda. Siku nyingine walihamia mechi nyingine, kwa sababu makosa ya Japuonj, kwa hesabu ya mama, yalikuwa mengi. Mke wa Japuonj alituambia kwamba asubuhi mumewe alikuwa akiomba uji mapema, ili awe na nguvu Nyar Asumbi atakapofika.

Mimi niliona aibu. Shuleni msichana mmoja aliniambia mbele ya wengine kwamba mama yangu anagombana na mtu anayekufa. Nilimpiga, nikaadhibiwa, kisha nikamgeukia mama mwenyewe jioni, nikamwuliza kwa nini hawezi kuwa mpole kama watu wengine.

"Wapole wamejaa pale," alisema. "Wanamtazama kama picha ukutani. Nani amewaambia nyinyi kwamba amekufa?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni mkaidi tu, mwanamke asiyejua kushindwa, na huenda pia alikuwa hivyo.

Mara ya mwisho nilipokwenda naye, Japuonj hakuweza tena kuzungumza. Macho yalikuwa yamekuwa ya manjano na midomo imekauka. Nilitumaini mama atamshika mkono na kusali, kama ilivyompasa mtu aliyelelewa karibu na misheni ya Asumbi. Aliketi, akamrekebishia mto, akazipanga zile chupa kigodani mwenyewe, kila moja mahali pake. Akasema yote aliyokuwa akisema siku zote, pole pole, bila kupunguza neno. Wageni wamechoka. Zimebaki dakika chache. Tuko mbele. Kamongo ana mpira mguuni.

"Sasa hapo, Japuonj. Hapo unafanya nini?"

Mkono wake ulitoka chini ya blanketi. Ulichukua muda mrefu sana kufika kigodani, na hakuna aliyemsaidia, maana mama alikuwa amemzuia mkewe kwa macho. Vidole vikaigusa chupa yenye kifuniko chekundu. Vikaikamata. Akaiondoa pale kushoto, akailaza kitandani, kando yake.

Mama alitazama ile nafasi tupu. "Mkaidi," alisema. Nami nikaona midomo ile mikavu ikijaribu kutabasamu.

Tuliteremka mlima, mama akicheka peke yake. Tulipofika mahali njia inapokata kona na nyumba haionekani tena, aliketi juu ya jiwe, akajifunika uso kwa leso na kulia kwa muda mrefu, mabega yakipanda na kushuka. Nami nilisimama hapo nikitazama mashua, kwa kuwa sikujua mtoto hufanya nini mama yake akilia.

Japuonj alifariki siku mbili baadaye. Siku ya mazishi walikuja watu wa serikali na watu wa mpira, wenye miwani ya jua, na kila mmoja alisema kocha huyu hakuwahi kukosea. Mashabiki walipopewa nafasi ya kusema neno moja, Ochido alimsukuma mama mbele. Mama alishika kipaza sauti kama anavyoshika pasi ya makaa.

"Alikosea," alisema. "Nilimwambia alikosea, na yeye akaniambia sijui mpira. Alikataa mpaka mwisho. Huyo ndiye kocha wetu. Huyo mwingine mnayemtaja hapa sisi hatumjui."

Watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja alimwambia arudishe kipaza sauti. Lakini mke wa Japuonj, aliyekuwa ameketi kando ya jeneza tangu asubuhi bila kuinua kichwa, alisimama akaanza kupiga makofi, peke yake kwanza, kisha Swaleh, kisha wavuvi wote wa Kisegi.

Mama bado anaishi kule. Macho yamechoka na hashoni tena. Mwaka jana nilimwuliza kama bado anaamini Japuonj alikosea siku ile. Alinishangaa kwa kuuliza. Bila shaka alikosea. Nikamwuliza, je, kama angekubali? Kama siku moja, pale kitandani, angesema haya, Nyar Asumbi, umeshinda?

"Ningejua tumempoteza," alisema. "Niliomba kila siku asiniambie hivyo."

Miaka mingi nimemwonea mama aibu kwa siku zile, na baadaye nikajionea aibu mimi mwenyewe. Wengine wote walipanda mlima ule kumuaga Japuonj. Mama peke yake alikwenda akitarajia kujibiwa.