Karani Haendi Kuvuna Mahindi

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Omariba alipofika Londiani, akiwa kijana kutoka Magombo upande wa Nyamira, hakupewa jembe. Alipewa mkasi na mjomba wake, na tangu siku hiyo hajauweka chini. Amewashonea sare watoto ambao sasa wanamletea watoto wao wapimwe. Ameshona magauni ya harusi, makoti ya wazee wa kanisa na mapazia ya karibu kila nyumba yenye dirisha la kioo. Ameota mvi kichwani katika baridi ya mji huo. Na bado ukiuliza njia ya kwenda kwake utaambiwa, ni yule fundi Mkisii, mlango wa kijani. Hawamsemi vibaya hata kidogo. Ni kwamba miaka haimgeuzi mgeni kuwa mwenyeji, humgeuza kuwa mgeni anayejulikana tu, na Omariba alikuwa anajulikana sana.

Mkewe, Nyamusi, alibaki Magombo na migomba na majani chai yao, kwa hiyo Omariba aliishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya duka. Baridi aliizoea. Chakula cha mtu mmoja alikizoea pia, ingawa sima yake ingeweza kuzibia ufa ukutani. Kilichomsumbua ni ulimi. Mchana kutwa aliongea Kiswahili na wateja na Kipsigis cha kuombea maziwa, na ikifika jioni alijisikia kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Alikuwa na maneno ya Kikisii ambayo hakuwa ameyatamka tangu Krismasi.

Ndipo Kiptanui, mwenye nyumba wake, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayeishi kando tu ya mji, alipomletea mtoto wa mbwa ndani ya kofia ya sufu. Mbwa wa Kiptanui alikuwa amezaa wengi kuliko maziwa ya kuwalisha. Omariba alimweka mtoto yule juu ya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani, akamwambia kwa Kikisii alale, na mtoto akalala. Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Alimwita Karani, kwa sababu hakuna mteja aliyeingia bila kukaguliwa viatu.

Karani alikua mbwa mrefu wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na la pili limechoka. Hakusikia lugha nyingine isipokuwa Kikisii. Watoto wa sokoni walimwita kwa Kiswahili na kwa Kipsigis akawatazama tu, hadi walipojifunza kusema "inchwo", yaani njoo, na wakawa wanamzungusha soko zima. Walimu walilalamika kwamba sweta za shule zina manyoya. Omariba aliwaambia sufu ni sufu. Jioni alifunga mlango, akammwagia Karani ugali na maziwa, akamsimulia siku yake yote: nani alibishia vipimo, nani amenenepa na hataki kukubali. Nyamusi akipiga simu alimsikia mumewe akicheka, akauliza yuko na nani. Alijua. Aliuliza tu kwa uchokozi.

Sasa, kila baada ya miaka mitano mji huo hushikwa na ugonjwa wa ajabu: wageni wote hukumbukwa na jamaa zao kwa wakati mmoja. Mwenye duka la simu hupata harusi ya binamu. Mama wa mboga husikia kwamba ukuta wa jikoni umeanguka nyumbani. Mwalimu fulani huugua tumbo linalotibiwa Kisii peke yake. Wenyeji huitikia kwa adabu, haya, wasalimie, na hakuna anayetaja uchaguzi. Si uongo hasa, ni heshima. Ukimwambia jirani kwamba unaondoka kwa sababu ya kura, umemwambia unamwogopa, na jirani uliyemwambia hivyo utarudi vipi kumwomba chumvi?

Omariba alikuwa na sababu ya kuogopa. Ule mwaka mbaya, ambao huko huitwa hivyo tu, mlango wake ulivunjwa baada ya kura, cherehani ikaenda, na yeye akalala uani mwa kanisa na wenzake mpaka lori lilipokuja kuwachukua. Kiptanui wakati huo alikuwa amejifungia kwake, kama watu wengi. Mambo yalipotulia Omariba alirudi, na Kiptanui akamkuta akifagia vioo. Alichukua ufagio wa pili, wakafagia pamoja kimya kimya. Hawakuwahi kulizungumzia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi kila uchaguzi uliofuata Omariba alikwenda "kumwona mama", na Kiptanui alisema msalimie mama.

Lakini ilipofika kura ya elfu mbili ishirini na mbili, mama alikuwa amefariki, na Kiptanui mwenyewe alikuwa amesafiri hadi Magombo kumzika. Omariba akatangaza kwamba anakwenda kuvuna mahindi. Kiptanui alimtazama kidogo, akasema mahindi ya mwaka huu yatakuwa mazuri.

Tatizo lilikuwa Karani. Mtu anayekwenda kuvuna kwa siku chache humwachia jirani mbwa bila maneno mengi. Omariba alijijua: angeanza kueleza mbwa anakula nini na radi inamtisha vipi, kisha angesema "na nikichelewa", na neno hilo lingefungua kila kitu walichokifunga. Tena kila mtu alijua Karani ni mbwa wa fundi Mkisii. Ule mwaka mbaya Omariba aliona mifugo ikilipia kabila la mwenyewe, na hilo hakulisahau. Hakuweza kumwacha, na hakuweza kumwachia mtu. Akaamua kuondoka naye.

Magari ya abiria yalikataa mbwa. Momanyi, kijana wa kwao mwenye pikapu ya kubebea viazi hadi Keroka, alikubali kwa sharti moja: mbwa awe ndani ya gunia, kichwa tu nje, asije akachafua viazi vya watu. Hapo fundi alikosea kosa ambalo ni fundi tu angelikosea. Mtu mwingine angetoboa gunia kwa kisu, basi. Omariba alishindwa. Alipima shingo ya Karani kwa utepe, akakata tundu la duara, akalipinda, na kwa kuwa upindo ulikuwa unakwaruza, akashonea ukosi wa kitambaa cha buluu cha sare ya shule. Alipomaliza, Karani alionekana kama mwanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule.

Asubuhi walipakia. Karani alikaa juu ya viazi na ukosi wake, akitazama mji kwa dharau. Mwisho wa mji Momanyi alisimama kukaza turubai, na lori la mbao likapita likipiga honi. Karani aliruka na gunia lake. Mshono wa chini uliachia, miguu ikapata nafasi, na mbwa akakimbia kurudi alikotoka, akipita katikati ya soko la asubuhi amevaa kanzu ya gunia yenye ukosi wa buluu. Wauza kabeji walisimama. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni kazi ya fundi gani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini fundi amemshonea mbwa nguo ya safari wiki ya uchaguzi.

Hakukimbilia mlango wa kijani. Alikimbilia kwa Kiptanui, kwa mama yake. Momanyi alisema hawezi kungoja sana, barabara inajaa. Omariba alishuka, akapanda boda, na njia nzima alikuwa akitunga maneno: mbwa ni mgonjwa, mbwa anapelekwa kwa daktari wa mifugo. Aliona aibu moto moto masikioni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia zizini kwa Kiptanui.

Kiptanui alikuwa anakamua. Rodah, mkewe, alikuwa amechuchumaa akimvua Karani gunia, na alikuwa anajitahidi sana asicheke.

"Fundi," Kiptanui alisema bila kugeuka. "Hii mbwa pia inaenda kuvuna mahindi?"

Omariba alifungua mdomo amtaje daktari wa mifugo, akaishia kuvua kofia. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo.

"Baba Chemutai," akasema, akimwita Kiptanui kwa jina la mtoto wake, "mimi siogopi wewe."

"Najua. Ungekuwa unaniogopa mimi, ungehama kitambo." Kiptanui aliinuka, akasogeza ndoo mbali na kwato, akajifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilitaka kukuambia ukae. Hiyo mambo ya mahindi ilinikata maini, nikasema leo nitamwambia akae. Lakini nikikuambia ukae, halafu watu wasikie kitu kwa redio wakasirike, nitafanya nini? Ule mwaka nilifunga mlango yangu. Mimi na Rodah tulikuwa hapa ndani, tunasikia. Watu siwezi kukuahidi, fundi. Mbwa naweza."

Ilikuwa mara ya kwanza ule mwaka kutajwa kati yao, na jambo la kushangaza ni kwamba zizi halikuanguka. Omariba akaanza kueleza: ugali usiwe moto, maziwa kidogo, radi ikipiga atajificha, msimcheke. Akasema "na nikichelewa", na hakuna aliyeumia. Rodah aliomba afundishwe kumwita. Alipojaribu ile "inchwo", Karani alimtazama kama mwalimu anayesahihisha, kisha akamwendea hata hivyo. Omariba alimshika mbwa wake masikio yote mawili, akamwambia jambo refu kwa Kikisii, halafu akapanda boda haraka kabla hajaaibika zaidi.

Magombo hakukuwa na mahindi ya kuvuna, Nyamusi alikuwa ameshayamaliza. Omariba alikaa akipasua kuni zisizohitajika. Kila jioni Kiptanui alipiga simu. Hawakuzungumzia kura. Kiptanui alisema Karani amekula vizuri, amelala, hajabweka, na Omariba akajua mji umetulia. Siku moja alisema Karani amebweka kidogo mchana lakini ni kwa sababu ya bata tu, na Omariba akacheka kwa nguvu kuliko bata alivyostahili. Nyamusi alisema katika ndoa yao yote yeye hajawahi kupigiwa simu kila jioni namna hiyo, na kwamba kama angejua angejifunza kubweka.

Kura zilipigwa, zikahesabiwa, nchi ikakaa ikisikiliza redio. Jioni ya matokeo simu ya Kiptanui haikuja. Jua lilishuka nyuma ya migomba. Omariba alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Majirani wa Magombo walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya duka, yeye hakuweza kukaa nao. Mshindi alipotangazwa alisikia kelele za dukani kama mtu aliye ndani ya maji. Hakuwa anawaza rais. Alikuwa anawaza mlango wa kijani, na mbwa asiyejua Kiswahili. Mwishowe alipiga yeye.

Simu iliita mpaka karibu ikatike. Ilipopokewa, kulikuwa na makelele, watu wengi, filimbi, honi za pikipiki.

"Baba Chemutai, uko wapi? Hao ni nani?"

"Ni vijana. Wanaimba tu. Wako barabarani, wanapita." Kiptanui alikuwa anapaza sauti. "Nilikuwa sioni simu, giza inaingia."

"Na Karani?"

"Yuko hapa na mimi."

"Hapo ni wapi?"

Mtu alipuliza filimbi karibu sana na simu. Kisha Kiptanui akasema, kama anayetaja hali ya hewa, "Niko mlangoni kwako. Nimeleta kiti. Rodah aliniletea chai."

Omariba aliketi chini pale alipokuwa, kwenye majani mabichi ya uani. Aliuliza amekaa hapo tangu saa ngapi. Kiptanui alisema tangu mchana, na kwamba si yeye aliyetaka, ni mbwa aliyekataa kukaa zizini. Kana kwamba hata kiti kilibebwa na mbwa.

"Ongea na yeye," Kiptanui akasema. "Nimeweka simu kwa sikio."

Omariba alisema "inchwo" mara moja tu. Akasikia kucha zikikwaruza mbao, na mlio mwembamba wa mbwa anayebembeleza, ukiendelea na kuendelea.

"Anakwaruza mlango," Kiptanui alisema. "Anafikiria uko ndani."

Nyamusi alimkuta mumewe akiingiza mkasi na utepe wake mfukoni. Alimkumbusha kwamba wenzake wote wa Londiani walikuwa wamesema watangoja mwezi uishe, waone mambo yatakuwaje, na mwenye duka la simu alikuwa bado hajaimaliza ile harusi. Alimuuliza kama amerukwa na akili kutaka kuondoka alfajiri.

"Mbwa ameambia watu niko ndani," Omariba alisema. "Nataka iwe kweli."

Nyamusi alimtazama, akaenda jikoni kumfungia ndizi za njiani. Zile kubwa akaziweka kando na kumwambia hizo ni za Rodah.