Tiketi ya Lusiana

Bahati nasibu ya taifa haiulizi jina lako. Wakala anachana tiketi yenye namba, kishina kinapelekwa Dar es Salaam, siku ikifika vijipira vinazungushwa na redio inatangaza. Aliyeshika tiketi ndiye mwenyewe, basi. Na hilo ndilo lililomtesa Anselmo, Mmakonde fundi baiskeli wa Mandawa, miaka ile ya tisini.

Tiketi aliinunua mkewe, Lusiana, alipokwenda Ruangwa kuuza ufuta. Anselmo alimcheka: bahati itafikaje Mandawa, na basi lenyewe halifiki? Lusiana akamkabidhi hivyo hivyo, akamwambia aitunze. Kabla ya wiki kwisha, homa ikamchukua.

Msibani watani wakaja, maana msiba bila watani ni msiba gani? Abdulatifu, Mmwera wa Likunja, akajifunga khanga ya marehemu, akaigiza alivyokuwa akimgombeza mumewe, hadi waliokuwa wakilia wakacheka. Kisha akachomoa tiketi kwenye mfuko wa shati la Anselmo, akaisokomeza ndani ya kofia yake, akisema: Wamakonde na bahati wapi na wapi! Anselmo naye akacheka, jamani, mara ya kwanza tangu kifo.

Wageni walipoondoka, kicheko kikamtokea puani. Karatasi ile ndiyo kitu cha mwisho mkewe alichomtia mkononi. Lakini alichochukua mtani hakidaiwi. Na angeidai kabla namba hazijatangazwa, nani angeamini kwamba hafuati pesa? Wangesema udongo wa kaburi haujakauka, yeye anawaza utajiri.

Basi siku ya kuchezesha, Anselmo alikaa mbele ya redio akiomba tiketi ikose. Namba alikuwa nayo kichwani. Tarakimu ya kwanza ikatajwa, ndiyo yenyewe. Ya pili, yenyewe. Ya tatu, yenyewe tena. Iliyofuata haikuwa yao, naye akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Asubuhi akaendesha baiskeli hadi Likunja, jogoo akining'inia kwenye usukani, kwa kuwa kitu cha mtani hakidaiwi, hukombolewa. Abdulatifu alimpokea kwa kejeli zake: jogoo mzima kwa karatasi iliyokwisha kufa?

"Ni ya Lusiana," Anselmo alisema. "Alinipa niitunze."

Abdulatifu akavua kofia, akaitoa tiketi, akampa kwa mikono miwili. Hakumpokea jogoo.