Kila Mteja Humwambia Akwii Alikuwa Wapi Siku ya Bomu

Saa mbili na robo asubuhi, malori yamejipanga kutoka geti la forodha la Malaba hadi nyuma ya kituo cha mafuta. Madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Ndani ya kibanda cha mabati, hatua chache kutoka barabarani, Mercyline Akwii anasukuma mkono wa mashine ya kufuma kulia, anaurudisha kushoto, huku akihesabu kwa Kiteso kwa sauti ya chini.

Akifika arobaini na mbili anasimama. Anapapasa ukingo wa kitambaa kwa kidole gumba, anatikisa kichwa kuridhika, kisha anaendelea.

"Mashine inaongea," anasema mama huyu wa miaka arobaini na minane. "Ikiruka sindano moja, mlio unabadilika. Mtu mwenye macho anaangalia, anapitwa. Mimi nasikiza tu."

Akwii hana macho. Hufuma sweta za shule, na nyuzi zake amezipanga katika mikebe mitano ya rangi iliyokwisha. Mwisho wa kila uzi kuna mafundo: fundo moja ni kijani, mawili ni damu ya mzee, matatu ni bluu. Mzigo mpya ukija, jirani yake Ojakol, fundi wa viatu, huacha sindano yake akaja kumtajia rangi kabla hajafunga mafundo.

Sweta ya mtoto mdogo huiuza shilingi mia saba, ya mkubwa elfu moja. Januari shule zinapofunguliwa anaweza kuuza sitini. Miezi mingine akimaliza kumi, anasema, mwezi huo ulikuwa mzuri.

Wateja wapya huuliza swali lile lile, wengine kwa kuzungukazunguka, wengine moja kwa moja: je, alizaliwa hivyo? Naye hujibu kwa maneno matatu: "Bomu la Nairobi."

Baada ya hapo, anasema, hahitaji kueleza zaidi.

"Ukimwambia mtu ulipofuka siku ile, hakuulizi wewe ulikuwa wapi. Anakuambia yeye alikuwa wapi."

Kwa miaka mingi amesikia mengi. Mwalimu mkuu mmoja kutoka upande wa Nambale alimwambia kwamba asubuhi hiyo ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, alikuwa mtoto kwenye foleni ya kusaga mahindi. Mwenye kinu alizima mashine ili asikie redio. "Aliniambia hakuwahi kusikia kimya mahali pale," Akwii anasimulia. "Unga ulikuwa bado unaelea hewani, na watu wazima wote wamesimama tu."

Mfanyabiashara mmoja kutoka Tororo, anayevuka mpaka kila wiki kuuza ndizi, alikuwa akinyonyesha mtoto wake wa kwanza. Ojakol mwenyewe alikuwa Chakol, akifukuza jogoo aliyekuwa ameshauzwa. Alimkamata, akampeleka kwa mnunuzi, akamkuta mnunuzi amekaa chini analia, kwa kuwa kaka yake alikuwa askari jijini.

"Mpaka leo sijui yule jogoo alienda wapi," Ojakol anadakia kutoka kibandani kwake.

Hata vijana huwa na la kusema. Karani mmoja wa forodha alilipia sweta ya mwanawe, kisha akasema kwa unyonge, kana kwamba anaomba radhi, "Mimi nilikuwa sijazaliwa, mama."

Akwii husikiliza wote. Huwapa pole, kwa sababu ameona kwamba wao pia huihitaji. Ila habari yake mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu hadi Machi mwaka huu.

Wiki hiyo foleni ya malori ilikwama kwa siku tatu. Dereva mmoja, Gordon Ogweno, aliingia kutafuta sweta ya mjukuu wake. Aliuliza kama wengine, akajibiwa kama wengine. Lakini yeye hakusema alikuwa wapi. Alilipa, akatoka.

"Nikajua huyu ana kitu," Akwii anasema. "Mtu akinyamaza hivyo, ana kitu."

Kesho yake alirudi. Aliomba kiti, akakaa karibu na mlango.

"Mama, siku ile ulikuwa umevaa nini?" akauliza.

"Blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Kwa nini?"

Alivuta pumzi ndefu. "Basi si wewe. Yule wangu alikuwa na gauni la kijani."

Gordon, aliye na miaka hamsini na mitatu sasa, mwaka ule alikuwa utingo wa lori la viazi. Walikuwa wakielekea sokoni mlipuko ulipotokea. Dereva wake aligeuza gari, wakapakia majeruhi juu ya magunia. Yeye alikaa huko nyuma na mwanamke wa gauni la kijani, kichwa cha mwanamke huyo kikiwa mapajani mwa Gordon, naye alikuwa amemshika Gordon kidole.

"Tulipofika hospitali, wauguzi wakamchukua," alimweleza Akwii. "Dereva akapiga honi, turudi kuchukua wengine. Lakini yule dada hakuwa ananiachilia. Nikakivuta kidole changu. Nilikivuta kwa nguvu, mama. Sikumwuliza hata jina. Sijui kama aliishi."

Kila akipita barabara hiyo, alisema, kile kidole humsumbua. Mke wake hajui. Wanawe hawajui.

Akwii aliacha kufuma.

"Mimi pia kuna mtu alinibeba," alimwambia. "Alinibeba mgongoni. Alinukia sabuni ya kufulia. Aliniweka kwenye gari, akaondoka, sikumwambia asante na jina lake silijui. Labda naye ameketi mahali anafikiri aliniacha vibaya. Lakini nilifika. Sasa hiyo asante yake, kwa kuwa yeye simpati, chukua wewe."

Gordon alilia. Akwii anakumbuka kwamba alilia kama mtu anayekohoa, akijizuia, na huko nje wenzake walikuwa wakimwita kwa sababu foleni imeanza kusogea.

"Wacha wasogee," dereva akasema. "Na wewe je? Wewe ulikuwa wapi?"

Katika miaka ishirini na saba, hilo swali hakuwa ameulizwa.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, karani katika ofisi ndogo ya wakala wa bima, ghorofa ya tatu, ng'ambo ya barabara kutoka ubalozi wa Marekani uliolipuliwa. Meza iliyomkabili ilikuwa ya Winny Nerima, msichana wa Funyula. Wawili hao walikuwa wamepanga chumba kimoja, na kwa kuwa wote walitoka Busia, wafanyakazi wenzao waliwaita mapacha.

Kwanza ulisikika mlio mdogo, kama tairi limepasuka. Akwii akakimbilia dirishani. Winny alikuwa bado anapiga chapa barua.

"Nikamwita," Akwii anasimulia, mikono yake ikiwa imetulia juu ya mashine. "Nikasema, Winny, wacha hiyo, njoo uone. Akaja. Alikuwa mfupi. Kwa nyuma yangu hangeona kitu. Nikamshika mabega, nikamweka mbele yangu."

Kisha likaja bomu lenyewe.

Vioo vilivyoyachukua macho ya Akwii vilikuwa vimempata Winny kwanza, mwili mzima. Winny alifariki hapo hapo. Akwii alikaa hospitalini miezi mitatu. Mazishi ya Funyula yalifanyika yeye akiwa kitandani, uso umefungwa bandeji. Baadaye alienda chuo cha wasioona, akajifunza kufuma kwa miaka miwili, akarudi kwao Chakol, na hatimaye akafungua kibanda Malaba.

Kutoka Malaba hadi Funyula hakuhitaji siku nzima. Hakuwahi kwenda.

"Ningeenda niseme nini? Niseme nimekuja kukuona, mimi niliyemfanya mtoto wako kuwa ngao?"

Gordon alisikiliza hadi mwisho. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Aliuliza kama mama yake Winny yu hai.

"Nasikia yupo."

"Mimi huyo wangu sijui nianzie wapi kumtafuta," dereva akasema, akisimama. "Wewe njia unaijua."

Ilimchukua Akwii wiki tano kukata shauri. Siku moja mwezi wa Aprili alimwomba Ojakol amsindikize. Walibadilisha gari mjini Busia, na ilipokaribia saa sita walikuwa wakiuliza njia sokoni Funyula.

Phelister Nabwire, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa uani akipepeta mtama. Ojakol anasema mama huyo alimtazama mgeni kwa muda, makovu yake, fimbo yake nyeupe, na kabla ya kuambiwa chochote aliuliza, "Wewe ni yule pacha?"

"Ni mimi, mama."

Waliwekewa viti. Chai ililetwa. Akwii hakuigusa. Alisema hawezi kunywa chai ya nyumba hiyo kabla ya kusema lililomleta. Akalisema lote, kuanzia mlio wa kwanza hadi mabega ya Winny mikononi mwake.

Ungo uliendelea. Akwii anasema alizisikia punje zikiruka na kuanguka, zikiruka na kuanguka, hata akadhani hakusikika. Kisha ungo ukasimama.

"Huyo mtoto," mama akasema, "hata kuku wakigombana nje lazima angetoka aone. Ungemwita, usingemwita, angeenda. Hilo la dirisha mimi silibebi na wewe usilibebe."

Akwii alianza kushukuru. Mama akamkatiza.

"Ngoja. Sijamaliza. Kwa hilo lingine nina hasira na wewe. Miaka ishirini na saba! Watu wa ofisi walileta jeneza, wakasema maneno mazuri, wakaondoka. Niliwaambia kaburini, yule pacha akipona mwambieni aje. Nilingoja Krismasi. Nilingoja Krismasi nyingine. Wewe ulikaa na mtoto wangu chumba kimoja, ulijua mambo yake yote, halafu ukaniachia picha mbili na kitambulisho."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Mimi pia nina yangu." Sauti ya mama ilishuka. Winny alitaka kuja nyumbani wiki hiyo. Aliandika barua kuomba shauri. Mama akamjibu kwamba asicheze na kazi ya watu, asubiri mwisho wa mwezi. "Barua yangu ilifika. Waliniletea ikiwa ndani ya mkoba wake. Ilikuwa imefunguliwa."

Ojakol anasema alisimama akajifanya anaangalia mbuzi.

Halafu mama akauliza swali ambalo Akwii hakulitarajia. Hakuuliza habari za bomu. Aliuliza habari za asubuhi.

"Niambie aliamkaje."

Akwii akamwambia. Winny aliamka amechelewa, kama kawaida yake. Alitafuta kiatu kimoja chini ya kitanda huku akiimba wimbo wa kanisani na kukosea maneno. Walikula viazi vitamu vya jana, vimekauka, wakashushia na chai isiyo na maziwa. Njiani alinunua njugu za shilingi tano, akaziweka kwenye droo ya ofisi na kumkataza Akwii asiziguse hadi saa nne. Saa nne kamili Akwii alinyoosha mkono, Winny akamchapa rula kwa utani, kisha wakazila zote pamoja.

"Alikuwa anacheka?" mama akauliza.

"Alicheka, mama. Alikuwa ametoka kucheka."

Mama Phelister akavuta kiti chake karibu hadi magoti yao yakagusana.

"Anza tena," akasema. "Anzia kwa kiatu."

Akwii alirudia mara tatu alasiri ile. Kila mara alikumbuka jambo ambalo hakujua bado analo: kwamba Winny alikuwa na jeraha dogo la pasi kwenye kiwiko, kwamba walibishana ni nani atalipia mafuta ya taa. Alipokunywa chai ilikuwa imepoa kabisa. Mama hakukubali ipashwe moto. Alisema atapika nyingine.

Tangu siku hiyo wanapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada. Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kuna Jumapili, Akwii anakiri, mama huanza kwa kuuliza hali, halafu hasira ya miaka yote humrudia, akakata simu. Jumapili inayofuata hupiga mwenyewe.

Gordon hupita Malaba kila baada ya wiki mbili. Alipoambiwa habari za Funyula alicheka kwa sauti, akaagiza sweta mbili ambazo, kwa maoni ya Ojakol, hana mtoto wa kuzivaa.

Sasa Akwii na Mama Phelister wana mpango. Agosti 6 watapanda basi la asubuhi kutoka Busia kwenda Nairobi, walale kwa binamu ya Akwii, na siku inayofuata waende kwenye bustani ya ukumbusho, mahali palipolipuliwa. Hakuna kati yao aliyewahi kwenda hapo tangu siku ile. Mama anasema alikuwa akiogopa kuliona jina likiwa limeandikwa ukutani. Ojakol alijitolea kuwasindikiza, wakamkatalia kwa adabu.

Ni nani basi atakayewaonyesha jina?

Akwii anapuliza vumbi la nyuzi kwenye mashine, anatabasamu kidogo.

"Macho ya mama yana mtoto wa jicho, na yangu hayapo," anasema. "Tukifika pale tutamwomba mtu yeyote aliyesimama karibu atusomee. Akishasoma, asiende. Tutamwambia Winny alikuwa nani."