Kahawa ya Bi Kaltham

Shangazi yangu Bi Kaltham alimpikia mshairi mmoja mkubwa wa Kimarekani, aliyekodi nyumba hapa Ibra, Omani, mwaka wa sabini na tisa. Siku moja yule bwana alimuuliza kama ana watoto. Shangazi akajibu, huku anapepeta mchele, kwamba mwanawe wa pekee, Hashil, aliuawa Unguja mwaka wa mapinduzi. Mimi ndiye niliyefasiri. Yeye akaendelea kupepeta.

Mshairi akaliandikia shairi jambo hilo, na shairi likavuma kwao. Basi wageni hawaishi. Wanakuja na kitabu mkononi, wanakaa barazani kwa shangazi, wanamlilia Hashil kama kwamba wamemzaa wao. Shangazi halii, hajalia tangu Unguja. Anawamiminia kahawa chungu. Kwetu aliyetosheka hutikisa kikombe, lakini wao hawajui, na kukataa wanaona haya, basi wanakunywa mpaka mikono inawatetemeka.

Nikamwambia, "Shangazi, si uwaambie watikise kikombe?"

"Ya nini?" akasema, wala hakuniangalia. "Wameufuata msiba wangu toka Marekani, nawanywe. Mimi nani aliniuliza kama nimetosheka?"